Fundi na Chombo Chake: Historia ya Hoja Moja, Ikisomwa Kando ya Ziwa

Katika miaka ya mwanzo ya uchungaji wangu nilipangiwa usharika wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, si mbali na Mwanza. Siku moja nilimzika kijana aliyezama usiku akivua dagaa. Upepo ulikuja ghafla, mtumbwi ukajaa maji. Wenzake wawili waliogelea hadi kwenye mwamba, yeye hakufika. Pale kaburini nilihubiri kwa moyo wangu wote. Nilisema hakuna mtumbwi usio na fundi, na dunia hii, iliyo kubwa na nzuri kuliko mtumbwi wowote, nayo ina Fundi wake. Fundi anakijua chombo chake, nikasema, basi tusihoji mpango wake.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Baba wa marehemu alikuwa fundi mitumbwi, na mtumbwi ule aliuunda yeye.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kumwona. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akaendelea kidogo kuranda ubao wake. Kisha akasema kwa upole: "Mchungaji, maneno yako ya kaburini nimeyafikiria sana. Mimi ni fundi. Chombo kikizama, watu huja kwangu kuniuliza: ubao ulikuwa mbovu? Nyufa uliziziba vizuri? Nami sina budi kuwajibu. Sasa kama dunia ni chombo, Fundi wake anaulizwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilisali naye, nikaondoka na aibu. Baadaye, niliporudi kwenye vitabu vyangu vya chuo cha theolojia, niligundua kwamba swali la mzee yule lilikuwa limeandikwa huko Scotland zaidi ya miaka 200 iliyopita, na kwa mfano uleule wa chombo na fundi. Nilikuwa nimelisoma chuoni kwa ajili ya mtihani, mtihani ukapita, nami nikalisahau.

Naandika historia hii fupi kwa ajili ya washarika ambao wamesikia hoja hiyo mimbarani mara nyingi, pengine kutoka kwangu, na kwa ajili ya vijana wa kipaimara wanaofika kidato cha nne na maswali ambayo hawathubutu kutuuliza.

Hoja yenyewe

Wanafalsafa huiita hoja ya mpangilio. Inasema hivi: vitu vyenye mpangilio unaolenga kusudi, kama saa au nyumba, hutoka kwa mwenye akili. Viumbe vina mpangilio wa namna hiyo: jicho limewekwa kwa ajili ya kuona, bawa kwa ajili ya kuruka. Basi viumbe navyo vimetoka kwa mwenye akili, naye ndiye Mungu.

Hoja hii ina umri mkubwa kuliko Kanisa. Cicero, Mroma aliyekufa mwaka 43 kabla ya Kristo, aliandika kitabu juu ya asili ya miungu ambamo mmoja anaitetea na mwingine anaipinga. Katika karne ya 13 Thomas wa Akwino aliiweka kuwa njia ya tano kati ya njia zake tano za kuonyesha kwamba Mungu yupo. Lakini aliyeifanya ijulikane sana ni William Paley, kasisi wa Kanisa la Anglikana huko Uingereza, katika kitabu alichotoa mwaka 1802. Paley anamwazia mtu anayetembea porini akajikwaa kwenye jiwe. Akiulizwa jiwe lilifikaje pale, anaweza kujibu kwamba labda lilikuwapo siku zote. Lakini akiikuta saa, jibu hilo halitoshi. Saa ina magurudumu na springi vilivyopangwa ili kuonyesha wakati. Lazima kuna aliyeitengeneza. Na viumbe hai, anasema Paley, vina ustadi kuliko saa.

Jiwe la Mwanza

Paley hakufika Mwanza. Angefika, huenda asingelipita jiwe haraka vile.

Mgeni akija mjini kwetu kwa mara ya kwanza, kinachomshangaza ni mawe. Anaona mwamba mkubwa kama nyumba umekaa juu ya mwingine, umeegemea sehemu ndogo tu, na hauanguki. Anaona lile Jiwe la Bismarck majini, lililopewa jina la Kansela wa Ujerumani enzi za ukoloni, limesimama kama mtu aliyelisimamisha kwa makusudi. Swali la kwanza la watoto wengi ni lilelile: nani aliyapanga?

Wanajiolojia wanatuambia kwamba granite hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Ilipoa chini ya ardhi, ikapasuka kwa mistari iliyonyooka. Maji yakapenya katika nyufa, yakalainisha kingo, na mvua ikaondoa udongo uliokuwa katikati. Kilichobaki ni viini vigumu vikiwa vimekaa pale pale vilipokuwa, kimoja juu ya kingine. Hakuna aliyeyanyanyua.

Sisemi kwamba Mungu hakuumba granite wala mvua. Nasema tu kwamba jicho letu likiona kitu kana kwamba kimewekwa kwa mkono, jicho linaweza kukosea. Hilo ni pingamizi la kwanza kwa hoja ya Paley, nasi tunaishi katikati yake.

Mskochi aliyetangulia

Cha ajabu ni kwamba pingamizi kubwa zilikuwa zimekwisha kuandikwa kabla ya Paley kushika kalamu. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, alifariki mwaka 1776. Aliacha kitabu cha mazungumzo juu ya dini ambacho rafiki zake walimshauri asikichapishe, nacho kikatoka mwaka 1779. Humo mna mambo manne ambayo kila mhubiri angepaswa kuyajua.

La kwanza ni kwamba ulinganisho ni dhaifu. Tunajua kwamba mtumbwi una fundi kwa sababu tumewaona mafundi wakiunda mitumbwi, mara nyingi. Ulimwengu tunao mmoja tu, na hatukuwapo ulipoanza.

La pili linahusu chombo. Hume anasema kwamba mtu akiona meli nzuri anaweza kumsifu sana seremala wake, kumbe seremala huyo ameiga tu ya wengine, na ufundi wenyewe ulikuja polepole, kwa majaribio na makosa ya vizazi vingi. Meli moja pia huundwa na watu wengi. Kwa hiyo hata tukikubali hoja, haitupi Mungu mmoja, mwenye hekima yote na wema wote. Yaweza kutupa kamati ya mafundi, au fundi mwanafunzi.

La tatu: kama kila mpangilio unahitaji mpangaji, akili ya mpangaji nayo ina mpangilio. Nani aliipanga? Tukisema haihitaji kupangwa, kwa nini tusiseme hivyo juu ya ulimwengu?

La nne ndilo la mzee wangu wa kule pwani ya ziwa. Tukimsoma fundi kwa kuitazama kazi yake, ni lazima tuisome kazi yote, pamoja na homa, njaa na watoto wanaozama. Hatuna ruhusa ya kuchagua machweo mazuri peke yake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1781, Immanuel Kant wa Ujerumani aliongeza jingine. Aliiheshimu sana hoja hii, akaikiri kuwa ya zamani na iliyo karibu na akili ya watu wote. Lakini, alisema, hata ikifaulu itatuonyesha msanifu aliyepanga vifaa alivyovikuta. Haituonyeshi Muumba aliyefanya vyote bila kitu. Na imani yetu inamkiri Muumba.

Kwa nini basi hoja ya Paley ilipendwa baada ya yote hayo? Kwa sababu Hume alionyesha udhaifu wake bila kuwa na maelezo mengine ya uhakika juu ya jicho na bawa. Watu wengi hupendelea maelezo dhaifu kuliko kukosa maelezo.

Julai na Agosti 1858

Tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace yalisomwa mbele ya chama cha wanasayansi huko London. Darwin alikuwa amemsoma Paley chuoni Cambridge, tena kwa kumpenda. Sasa yeye na Wallace walileta maelezo mengine: viumbe huzaliwa na tofauti ndogo ndogo, wenye tofauti zinazofaa mahali walipo huishi na kuzaa zaidi, na kwa vizazi vingi sana umbile hubadilika. Huu ndio uteuzi wa asili.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza, akaliona ziwa letu na kulipa jina la malkia wake. Watu waliolizunguka walikuwa nayo majina yao tangu zamani. Speke hakujua yaliyosomwa London, na waliokuwa London hawakujua kwamba ziwa lile lina samaki ambao wangekuja kuwa mfano mashuhuri wa jambo lenyewe.

Samaki hao ni furu. Wengi wetu tumewala utotoni bila kuwafikiria. Wana taya mbili: moja mdomoni na nyingine kooni ya kusagia. Majike wa aina nyingi huatamia mayai na watoto kinywani. Wataalamu wamehesabu aina takriban 500 katika ziwa hili: wanaovunja konokono, wanaokwangua mimea juu ya mawe, wanaokula wadudu, wanaokula samaki wenzao. Mmoja wao, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985, alipewa jina la Mwalimu Nyerere. Utafiti wa udongo wa chini ya ziwa unaonyesha kwamba ziwa lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wingi huu inaonekana imetokea kwa muda ambao, kwa hesabu za miamba yetu, ni kama jana.

Taya ya furu ingemfurahisha Paley. Lakini wapo furu ambao chakula chao ni watoto wa furu wengine. Humsumbua jike aliyeatamia mpaka awateme wanawe, kisha wakawala. Taya hiyo nayo ina ustadi. Kama ustadi peke yake unamhubiri Mungu, huyu anamhubiri Mungu gani? Darwin aliuliza swali la namna hiyo mwaka 1860 alipomwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, juu ya nyigu ambao mabuu yao hula viwavi wakiwa hai. Tukumbuke kwamba Gray alikuwa Mkristo, alikubali uteuzi wa asili, na akaendelea kuwa Mkristo.

Sangara ni habari nyingine. Yeye aliletwa na watu katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 aliongezeka mno. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden, waliokuwa wakiwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970, waliona nyavu zao zikibadilika mbele ya macho yao. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Kijana mmoja wa kipaimara aliwahi kuniuliza: "Samahani, Mchungaji, sangara kuwamaliza furu nako kulikuwa mpango wa Mungu?" Nilimjibu kwamba ule ulikuwa mpango wa wanadamu, na kwamba tunapaswa kuitenganisha mipango hiyo miwili kwa uangalifu kuliko tulivyozoea.

Swali la Okot p'Bitek

Pingamizi jingine lilitoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1970 John Mbiti, kasisi wa Anglikana kutoka Kenya, alitoa kitabu alichokusanyia mawazo ya makabila zaidi ya 200 juu ya Mungu, akionyesha kwamba Waafrika walimjua Muumba kabla ya wamisionari. Kitabu hicho kimetupa heshima na ujasiri. Lakini wakati huohuo Mganda mmoja, mshairi na mwanazuoni Okot p'Bitek, alileta onyo.

Alisimulia habari ya wamisionari wa Kiitaliano kati ya Waacholi mwaka 1911. Waliwauliza wazee: nani aliwaumba? Lugha ya wazee haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, basi swali likawa: nani aliwafinyanga? Wazee wakasema watu huzaliwa na mama zao. Walipozidi kubanwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu akipata ugonjwa wa uti wa mgongo akapinda, husemwa amefinywa na Rubanga. Wamisionari wakafurahi kupata jina, na Rubanga likawa jina la Mungu.

Okot hakuwa rafiki wa Kanisa, na sikubaliani naye katika mengi. Lakini hapa anatufundisha jambo. Anayeuliza "nani aliipanga dunia?" amekwisha kuamua kwamba dunia ni kitu kilichopangwa na kwamba aliyefanya hivyo ni "nani" na si "nini". Jibu limefichwa ndani ya swali. Wazee wale waliona kuzaliwa mahali ambapo wageni waliona kufinyanga. Hata neno letu "kuumba" lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu wenye maana ya kufinyanga udongo. Ni picha njema, na Biblia inaitumia. Ila ni picha, na picha si uthibitisho.

Lisbon na MV Bukoba

Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliupiga mji wa Lisbon watu wakiwa kanisani. Maelfu walikufa. Ulaya nzima ikaanza kuuliza kama dunia hii kweli imepangwa kwa wema.

Sisi tunayo tarehe yetu. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 800 walikufa, na wengi wamelala Igoma. Nilikuwa kijana wa shule. Nakumbuka jinsi maneno "ni mpango wa Mungu" yalivyosemwa siku zile, na waliosema walitaka kufariji. Lakini meli ile ilikuwa na waliopaswa kuhesabu abiria na kuangalia uthabiti wake, na ilibeba watu kupita kiasi. Tunapomtwika Mungu kila kitu kama mpango, tunafanya makosa mawili. Tunamfanya Mungu kuwa mshitakiwa wa jambo ambalo hakulifanya, na tunamwachilia mwanadamu aliyelifanya. Meli ya MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara mwaka 2018, nilijizuia kutamka maneno hayo.

Tuliyoyasahau sisi Walutheri

Je, basi tusiimbe tena sifa za uumbaji? Hasha. Tatizo ni kazi tunayoupa uumbaji. Zaburi ya 19 na ya 104 zimeimbwa na watu waliokwisha kumjua Bwana. Hawakuwa wakimtafuta kwa hoja. Katika Ayubu, sura ya 38 hadi 41, Mungu anamwonyesha Ayubu bahari, simba na mnyama wa kutisha wa majini. Angeweza kusema: tazama jinsi kila kitu kilivyopangwa kwa faida yako. Hakusema hivyo. Ayubu hapewi maelezo ya mateso yake. Anapewa kusemeshwa na Mungu mwenyewe.

Yupo pia Mtume Paulo, Warumi 1:20, asemaye kwamba uweza wa Mungu unaonekana katika vilivyofanyika. Hatuwezi kuufuta mstari huo. Lakini aya zinazofuata zasema kwamba wanadamu, pamoja na kuona huko, walitengeneza sanamu. Martin Luther aliutafakari mstari huohuo huko Heidelberg mwaka 1518. Alifundisha kwamba anayedai kumsoma Mungu kwa kutazama utukufu wa kazi zake hastahili kuitwa mwanatheolojia. Anayestahili ni yule anayemtambua katika mateso na msalaba. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akieleza sehemu ya kwanza ya Imani, Luther haanzi na nyota wala jicho. Anaanza na kukiri kwamba Mungu ameniumba mimi, na kunipa mwili, chakula na nyumba. Hayo ni maneno ya shukrani ya mtu anayeamini.

Wapo wataalamu wa leo wanaoitengeneza upya hoja hii. Wanaacha taya na mabawa, wanaanza na sheria zenyewe za ulimwengu: kwa nini kuna utaratibu hata sayansi ikawezekana? Ni swali zuri, nami hulipenda. Lakini pingamizi la kwanza la Hume bado lipo mlangoni, kwa kuwa ulimwengu wa kulinganisha hatuna. Na hata hoja hiyo ikishinda, itatuleta kwa Akili kuu. Bado haijatuleta kwa Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo.

Mzee yule hakuja kanisani kwa muda mrefu. Nilirudi kwake mara kadhaa. Mara ya pili nilimwomba radhi kwa mahubiri yale. Nilimwambia: "Mzee wangu, sijui kwa nini mwanao alizama. Nisingepaswa kusema kama anayejua." Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuranda. Siku nyingine alinitaka nimsomee habari ya mateso ya Bwana. Nikasoma hadi pale Yesu anapomlilia Mungu msalabani akiuliza kwa nini amemwacha. Akaniambia nisome tena hapo. Nikasoma. Akasema, "Kumbe na yeye aliuliza." Kisha akaniomba nimshikie upande wa pili wa ubao, maana alikuwa peke yake na ubao ulikuwa mrefu.